Barua Dhidi ya Redio na Honi

Mama yangu alishuka kwenye Coaster ya asubuhi katikati ya safari, pale mashamba ya chai yanapoanza, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara na kushika kichwa kwa mikono miwili. Mvua nyembamba ya kwetu, ile isiyonyesha wala isiyokoma, ilimlowesha kitenge. Nilishuka nyuma yake. Konda alitusubiri kidogo, akagonga bodi mara mbili, gari likaondoka na muziki wake, na tukaendelea kuusikia mpaka lilipopita kona ya tatu.

"Sipandi tena," Mama alisema. "Kama ni kufa na presha, nitafia nyumbani kwangu, pametulia."

Ilikuwa siku yake ya kliniki. Kila mwezi alitakiwa kupanda kutoka Kisiba kwenda Tukuyu mjini kupimwa na kupewa dawa. Dawa za nyumbani zilikuwa zimebaki za wiki mbili. Gari langu nilikwisha kuliuza ili nimalizie nyumba. Pikipiki Mama alikuwa amekataa tangu siku ile aliyomwona jirani akiteleza kwenye utelezi wa Februari na kuingia mgombani na mzigo wake wote. Njia iliyobaki ilikuwa Coaster, na ndani ya Coaster, chini ya kiti cha nyuma, kulikuwa na spika mbili zenye ukubwa wa debe.

Nieleze mimi ni nani, kwa sababu mambo yaliyofuata hayaeleweki bila hilo. Niliondoka Kisiba na viatu vya plastiki na nauli niliyoipata kwa kuchuma chai ya watu wengine. Nilifika Dar es Salaam bila ndugu wa kunipokea. Nilibeba mifuko kwenye kiwanda cha saruji, na jioni, wenzangu walipokuwa wanacheza bao, mimi nilikuwa darasani. Sikusomeshwa na baba, mjomba wala kanisa. Stashahada yangu ya usalama na afya kazini nimeilipia mwenyewe tangu ada ya kwanza hadi joho la mahafali, nayo imetundikwa sebuleni ambapo kila anayeingia anaiona. Niliondoka kiwandani nikiwa msimamizi. Watu wazima walivaa vizibo vya masikio kwa sababu mimi nilisema vivaliwe. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, nguvu zikiwa bado zipo, nikajenga nyumba ya bati la msauzi, lile la gharama, nikapanda parachichi ambazo sasa wanunuzi wanazifuata wenyewe shambani. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya kelele, sizungumzi kama mtu aliyeamka vibaya. Kelele nimeisomea.

Baada ya wiki moja nilipanda Coaster ileile peke yangu, nikaketi nyuma ya dereva. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa kijiji cha pili kutoka kwetu, mtu wa maneno machache. Konda wake alikuwa na kitambi na maneno ya watu wawili.

"Dereva," nilisema, "naomba upunguze redio. Hiyo sauti inaumiza watu."

Dereva alinitazama kwenye kioo. Konda ndiye aliyejibu.

"Nani ameumia? Jamani, kuna majeruhi humu?"

Watu wakacheka.

"Nazungumza kitaalamu," nilisema. "Mishipa ya sikio ikishakufa haifufuki."

"Basi mtaalamu, hapa si kiwandani. Hapa watu wanatoka kwenye ukungu, wanataka kuchangamka. Wewe unataka twende kama tumebeba maiti?"

Wakacheka zaidi, na tangu siku hiyo jina langu kwenye gari lile likawa Mtaalamu. Lakini niliposhuka stendi, mama mmoja anayepeleka maziwa mjini kila asubuhi alinivuta mkono. "Umesema vizuri, nkamu," alisema, akiniita ndugu kama tunavyoitana kwetu hata tusipokuwa na damu moja. "Mimi kichwa kinanigonga mpaka nikifika kituo cha kupokelea maziwa nasahau hesabu. Lakini sisi nani atatusikiliza? Wewe umesoma." Kijana mmoja anayefanya kazi kiwanda cha chai naye akaniunga mkono, akasema yeye akitoka zamu anataka kusinzia na hawezi. "Andika, kaka," alisema. "Tupo nyuma yako."

Tupo nyuma yako. Niliyachukua maneno hayo nikaenda nayo nyumbani.

Sikukurupuka. Nilipita nyumba kwa nyumba jioni tatu. Nilianza kwa mwalimu wangu wa darasa la nne, mstaafu, jirani yetu, ambaye hunywa chai ya rangi kibarazani na kusoma magazeti ya mwezi uliopita. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika barua rasmi, anuani mbili na mstari chini ya kichwa cha habari. Aliisoma rasimu yangu kwa kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea tu, na hakupata pa kuweka alama.

"Hii ni barua," alisema. "Siku hizi watu hawaandiki, wanatuma vidole kwenye simu. Hii ni barua."

"Mwalimu, utasaini?"

"Nisiposaini mimi atasaini nani?"

Akaweka saini yake yenye mkia mrefu, ileile niliyoiona kwenye ripoti zangu za shule. Mwenye maziwa alisaini. Wa kiwanda cha chai alisaini. Wengine waliweka dole gumba. Kila nyumba niliwasomea barua yote kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu sikutaka mtu aje kusema hakujua. Ilikuwa na madai mawili. La kwanza, redio izimwe ndani ya gari wakati wote wa safari. La pili, honi isipigwe ovyo tangu alfajiri katika makazi ya watu. Hilo la pili nililiongeza mwenyewe. Nyumba yangu iko juu ya barabara, na Coaster ile ilikuwa ikianza kupiga honi kuanzia kanisani, tena darajani, tena kwenye kila njiapanda, mpigo mrefu mmoja na mifupi miwili, mpaka mbwa wangu wakachanganyikiwa. Niliposoma dai la pili, watu walitikisa vichwa wakasema ndiyo, ndiyo, ndaga fijo. Walinishukuru. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua kidole.

Mtendaji wa kijiji, dada mmoja makini, aliipokea barua, akahesabu majina, akapiga muhuri. Akamwita mwenye gari. Sijui walizungumza nini, lakini siku ya Jumatatu agizo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, na mimi nikapita kulisoma mara mbili, nikijifanya naangalia tangazo la chanjo ya ng'ombe.

Jumanne niliamka na kimya. Nilikunywa chai yangu barazani nikitazama ukungu ukipanda kutoka upande wa ziwa. Hakuna honi. Nilijisikia kama siku ile ya kuvaa joho.

Saa mbili nilisikia watu wakipiga kelele barabarani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, nami nililijua nikiwa mtoto, kisha nikalisahau kwa miaka yote niliyoishi mahali penye vituo na saa. Nyumba za kwetu zimejificha ndani ya migomba, chini kabisa ya mteremko. Ukiwa kwako huioni barabara. Gari halina saa maalum, maana mvua ndiyo inayopanga. Kwa hiyo watu wanasafiri kwa honi. Ikilia kanisani, mama aliye na mkungu wa ndizi anajua ana nafasi ya kufunga mlango na kumpa mbuzi majani. Ikilia darajani, anajitwisha. Ikilia njiapanda, anaanza kupanda kilima, na dereva anamsikia akiitikia kutoka ndani ya migomba, "Nakujaaa!" naye anasubiri. Kila dereva ana mpigo wake, na watu wanajua nani anakuja kama wanavyojua sauti ya jogoo wao. Siyo fujo. Ndiyo ratiba yetu.

Siku ile dereva alitii agizo kama askari. Alipita kimya kutoka kanisani mpaka juu. Hakupunguza mwendo pasipo na mtu, na mtu hakuwepo, kwa sababu watu wote walikuwa majumbani wakisubiri kuitwa. Aliondoka na gari karibu tupu.

Nilishuka barabarani. Walikuwa wengi, na mikungu, na madumu, na wanafunzi wa sekondari wenye sweta zilizolowa. Mwenye maziwa alikuwa amesimama na dumu lake miguuni.

"Kule wanapokea mwisho saa mbili," aliniambia. Hakuniita nkamu. "Haya, niyafanyie nini maziwa yangu? Niogee?"

"Mama, barua nilikusomea."

"Ulinisomea redio!"

"Nilikusomea na honi. Ulisema ndiyo."

"Nilisema ndiyo kwa kuwa ulikuwa unasoma vizuri!"

Watu walicheka, lakini halikuwa cheko la kunipendeza. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Muulizeni Mtaalamu, kiwandani kwake king'ora kilikuwa hakilii?" Wa kiwanda cha chai alikuwepo, amekosa zamu, akitazama viatu vyake. Nilimtazama nikingoja aseme neno. Aliinama kufunga kamba zake.

Mkutano uliitwa Alhamisi, uwanja wa ofisi ya kijiji. Niliingia na nakala ya barua ndani ya bahasha ya kaki. Nilikuwa tayari kukiri kosa la honi. Mtu aliyesoma haogopi kurekebisha. Nilitaka tu kubaki na dai la kwanza, la redio, kwa sababu ndilo lililokuwa la Mama, na dawa zake zilikuwa zimekwisha siku mbili kabla. Nilisimama nikasema hivyo. Nilisema, tufute la pili, tubaki na la kwanza, na hawa waliosaini wote ni mashahidi wangu.

Mtendaji akasema, "Haya, waliosaini wasimame."

Nilisikia mtu akikohoa. Mwenye maziwa alijifunika khanga vizuri, kama mtu anayesikia baridi. Yule wa kiwanda cha chai alisimama nusu, akasema yeye alidhani ile ni karatasi ya mradi wa maji, akaketi. Nilitaka kumuuliza tangu lini bomba la maji lina redio, lakini nilimwacha. Nikamgeukia mwalimu wangu. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, na koti lake la mikutano.

"Mwalimu," mtendaji alisema, "jina lako ndilo la kwanza."

Mwalimu alisimama taratibu akavua miwani.

"Mimi," alisema, "nilisaini kuthibitisha kwamba barua imeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Yaliyomo ni ya mwandishi."

Uwanja mzima ulilipuka. Hata mtendaji alijifunika mdomo kwa daftari. Mimi nilibaki nimesimama na bahasha yangu. Huyu ndiye mtu aliyenichapa darasa la nne kwa kumwachia mwenzangu lawama ya dirisha nililovunja mimi. Alinifundisha siku hiyo kwamba mtu hulikubali jina lake popote lilipo. Nilimtazama mpaka akarudisha miwani usoni.

Kisha Mama akanyanyuka. Sikumtarajia, nilidhani yuko nyumbani amelala. Alikuwa ameketi na akina mama wa kanisani, na mmoja wao, aliyemshika kiwiko kumsaidia kusimama, alikuwa mama yake dereva. Nilipumua. Nikajua sasa watasikia kutoka kwa mgonjwa mwenyewe.

Alianza kwa Kinyakyusa, akasalimia wakubwa, kisha akahamia Kiswahili kwa ajili ya mtendaji ambaye si mtu wa kwetu.

"Mimi sina neno na gari," alisema. "Redio yake hainisumbui. Huyu kijana ni mwanangu, amekaa mbali sana, msimkasirikie. Rejesheni honi yenu."

Akaketi.

Barua ilifutwa pale pale. Watu waliondoka wakisimuliana jibu la mwalimu, na mpaka leo mtoto wa kwetu akifanya kosa akabanwa, utasikia anasema yeye alisaini Kiswahili tu.

Niliongozana na Mama nyumbani. Nilitembea mbele yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya, maana njia inateleza na huwa namshika mkono. Nilipofika nilikaa sebuleni. Niliwaza kuuza parachichi zote na kurudi Dar. Mtu akikusaliti stendi unaweza kubadilisha stendi. Huyu alikuwa Mama, aliyeshika kichwa juu ya jiwe, mbele ya macho yangu, mvuani.

Jumatatu iliyofuata Coaster ilipiga honi kanisani, mrefu mmoja, mifupi miwili. Nilimwona Mama akitoka chumbani amevaa kitenge cha safari, kadi ya kliniki mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kliniki. Dawa zimekwisha, hujui?"

"Kwa gari gani?"

"Kwani yako mangapi?"

Nilichukua koti nikamfuata. Sikutaka afe njiani kwa ubishi wake. Njiapanda, dereva alishuka mwenyewe kumfungulia mlango wa mbele, akamkalisha kiti cha pembeni yake. Konda alinielekeza nyuma kabisa. "Mtaalamu, karibu juu ya spika," alisema, na nikaketi pale nikisubiri kupigwa kiunoni na besi.

Gari liliondoka. Redio ilikuwa kimya. Tulipita daraja, tulipita chai, tulipita lile jiwe, redio kimya. Watu walizungumza juu ya bei ya mbolea kwa sauti ya kawaida. Nikamwinamia konda.

"Redio imeharibika?"

"Imeharibika nini! Bibi akiwemo haiwashwi. Si ndiyo makubaliano?"

"Makubaliano ya nani?"

"Yake yeye na dereva. Alimwambia mama wa dereva kwenye ushirika wa akina mama, mama akamwambia mwanaye. Wiki ileile aliyoshuka kwenye jiwe. Dereva akaenda kumwomba radhi na mkungu wa ndizi. Wewe hukujua?"

Mkungu niliukumbuka. Niliukuta jikoni nikala ndizi zake, nikidhani zimetoka shambani kwetu, katika moja ya zile jioni tatu nilizorudi nimechoka kuzunguka na barua. Kabla ya saini ya kwanza kukauka, jambo lilikuwa limekwisha, kati ya akina mama wawili, bila anuani wala muhuri, na Mama alikuwa anangoja tu siku yake ya kliniki na dawa mpya.

Stendi ya Tukuyu nilimshika mkono kuvuka matope. Nilimuuliza hapo hapo, kati ya wauza mahindi ya kuchoma. Nilijaribu kuuliza polepole.

"Kwa nini hukuniambia kwamba mmeelewana?"

"Nilidhani unawasemea wale wengine. Walikuwa wengi, waliosaini."

"Wale walisaini kwa ajili yako, Mama! Nilikuwa nawaambia habari za kichwa chako!"

Alisimama katikati ya matope, akanitazama kwa mshangao wa kweli. Sidhani kama alikuwa anaigiza.

"Basi walikuwa wananionea huruma tu," alisema. "Na wewe ukadhani wanakufuata."

"Na mkutanoni? Ungesema hata neno moja la kunisaidia."

"Niseme nini? Mwenzangu ameketi pembeni yangu, mtoto wake amenitendea vema, nisimame nimshtaki? Nitamtazamaje kanisani?"

"Mimi je? Mimi utanitazamaje?"

Alifikiri. Kisha akanivuta kidogo ili bajaji ipite.

"Wewe ni wangu," alisema. "Wewe huondoki."

Nimelala na jibu hilo siku nyingi, na bado sijui kama ni la kunituliza au la kuniumiza zaidi. Mimi ndiye niliyewahi kuondoka. Niliondoka na viatu vya plastiki na nikakaa miaka mingi, na nilirudi nikidhani nimeletea watu wangu kitu ambacho hawana. Walikuwa nacho, cha namna yao. Walichokosa ni mtu wa kuniambia usoni kwamba hawakihitaji changu.

Kliniki tulikuta foleni fupi. Nesi alimfunga Mama mkanda mkononi, akapampu, akasubiri, akapampu tena kwa sababu hakuamini. Presha ilikuwa imeshuka kuliko miezi yote iliyoandikwa kwenye kadi, licha ya zile siku alizokaa bila dawa.

"Bibi, umefanyaje?" nesi aliuliza. "Umepunguza chumvi?"

"Chumvi nakula," Mama alisema. "Ni dereva wetu. Ananitunza sana. Nikiwemo mimi, gari zima linatulia."

"Mna bahati. Sisi wa Msasani ya hapa Tukuyu madereva kama hao tungewapata wapi!" Nesi aliandika kwenye kadi, akanipa niishike. Kisha akanitazama, shati langu limepigwa pasi, bahasha ya kaki bado mkononi, maana nilikuwa nimezoea kutembea nayo. "Na wewe, kaka, ni nani wake?"

Nilifungua mdomo. Mama akawahi.

"Ni mwanangu," alisema. "Huyu amesoma."

Alisema kwa fahari, nina hakika, na akaongeza sauti ili hata walio kwenye benchi la nje wasikie. Niliinama nikasoma kadi.